Gobore Hunyweshwa Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Mvua zimeanza kunusia hapa Dodoma, na barua zangu zote zimeshika kutu. Nimechukua saba za magobore, zile bunduki za kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, nyingine zitasubiri. Mwenye kuniandikia ajue sharti langu ni lile lile: leseni kwanza, fundi baadaye.

Shikamoo fundi. Kila nikifyatua gobore langu namimina mafuta ya taa mtutuni, nafuta na kitambaa, kisha napaka oili. Wiki haiishi, kutu hiyo hapo. Oili za siku hizi ni feki? (Msomaji, Mpwapwa)

Marahaba. Oili yako haina kosa, umeionea bure. Wewe umeiacha chumvi mtutuni halafu ukaifunika shuka.

Baruti nyeusi ni shura (aina ya chumvi ya potasiamu), mkaa na kiberiti (salfa), kwa mafungu yanayokaribia 75, 15 na 10 katika kila mia. Ikiungua haiishi yote kwa kugeuka hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake inakuwa vitu vigumu: sehemu inaondoka na ule moshi mweupe, sehemu inaganda ndani ya mtutu. Kile kigandamano cheusi unachokiona ni masizi pamoja na chumvichumvi za potasiamu, na chumvi hizo zina kiu. Zinafyonza unyevu wa hewani na kuukumbatisha chuma usiku kucha.

Sasa fanya jaribio la jikoni. Tia kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha mafuta ya taa, koroga mpaka mkono uchoke. Chumvi itatulia chini, inakutazama. Tia kijiko kingine kwenye maji, imeisha. Mtutuni mambo ni hayo hayo. Mafuta ya taa yanaondoa grisi, chumvi hayaigusi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha.

Najua linavyosikika hilo. Watu wengi wamelelewa kuambiwa bunduki na maji ni maadui. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, mpaka mwaka ule nilipofyatua jioni moja ya Desemba, nikalitundika gobore ukutani nikisema nitalisafisha kesho. Usiku ikaja habari ya msiba Kongwa. Nilikaa siku tatu, na mvua nayo ilikaa siku tatu. Niliporudi nikapitisha kitambaa mtutuni, kikawa kinakwama kila inchi, kama unavuta uzi juu ya ulimi wa paka. Kitambaa kilitoka na rangi ya udongo wa njia ya Kondoa. Vishimo vilivyoliwa na kutu vimo mpaka leo, sina mwingine wa kumlaumu.

Tunachimbiwa visima tu huku, na maji yake yana chumvi mpaka chai inakataa sukari. Niyachemshe ndipo nisafishie? (Bahi)

Usiyatumie. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi hakuiondoi. Tena maji yakipungua kwa mvuke, chumvi iliyobaki inazidi ukali. Utakuwa umetoa chumvi ya baruti ukaingiza ya kisima, na hii ya kisima, ile jamii ya chumvi ya mezani, kwa chuma ni mbaya zaidi.

Kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, subiri kwanza mvua ioshe bati. Lita mbili zinatosha bunduki moja. Kama ni kiangazi, nunua chupa kubwa ya maji ya kunywa. Na kama huna budi, anza na ya kisima kwa kuondoa uchafu mzito, lakini yale ya suuza ya mwisho yawe matamu.

Kuhusu moto: vuguvugu linatosha kuyeyusha. Faida ya maji moto ni kwamba mtutu unapata joto na kujikausha wenyewe. Yakiwa yanatokota, mtutu unakauka haraka mno na kuacha utando wa rangi ya chungwa papo hapo. Ni kutu changa, inafutika na kitambaa cha mafuta, ila inatisha mgeni.

Mtutu wa gobore langu umepigiliwa pini, hautoki kwenye mti. Naoshaje bila kulowesha mbao? (Kondoa)

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Kwanza kabisa hakikisha haijashindiliwa. Tumbukiza ufito wa kushindilia (wazee waliuita mdeki) mpaka ugote, weka alama ya kidole mdomoni mwa mtutu. Uvute, uulaze nje kando ya mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya ufito inatakiwa ifike karibu na pale fataki (kile kikofia kidogo cha kutoa cheche) inapovikwa. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Acha hapo hapo, soma jibu la msomaji wa Manyoni hapa chini.

Ikiwa tupu, zungushia kitambaa kikavu pale mtutu unapokutana na mti, na kingine chini ya nyundo. Ile chuchu inayovikwa fataki, kama inafunguka, ifungue uiloweshe kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Kama haifunguki, izibe na kijiti cha meno. Usiujaze mtutu maji. Mtutu unaotoka kwenye mti unaweza kuujaza kama chupa, wa kwako hapana, maji yatapenya kwenye uwazi kati ya chuma na mti yajifiche humo mpaka Pasaka.

Kata vitambaa vya pamba, fulana kuukuu inafaa sana, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Lowesha kimoja kwenye maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, kikamue kisidondoshe, kiteremshe kwa ufito mpaka chini. Kiache kikae hesabu ya kumi, kisha panda na kushuka mara kadhaa. Cha kwanza kitatoka cheusi kama lami, na harufu ya yai viza itakupiga usoni. Usishtuke, hicho ni kiberiti kimekutana na maji. Badilisha kitambaa. Cha tatu kitakuwa kijivu. Cha sita au cha saba kitatoka kama kilivyoingia. Mtutu wenye mifuo ya kuzungusha risasi unadai vitambaa zaidi ya ule laini, kwa sababu uchafu unajibanza kwenye pembe za mifuo, na brashi ya shaba itakusaidia. Brashi ya chuma usiitie humo, wala karatasi ya msasa.

Suuza kwa vitambaa vya maji matupu, kausha kwa vikavu mpaka kimoja kitoke hakina hata dalili ya unyevu. Toa kijiti, pitisha waya mwembamba kwenye tundu la chuchu. Liache gobore juani nusu saa, mdomo ukitazama chini. Jua letu la Dodoma ni fundi msaidizi asiyedai posho. Likiwa bado na joto ndipo sasa mafuta yaingie: kitambaa chenye oili nyepesi, ndani na nje. Kesho yake pitisha kitambaa kingine cheupe. Kikitoka na wekundu, rudia kazi.

Oili chafu ya gari inafaa? Huku tunaipaka hadi nguzo za banda. (Kibaigwa)

Nguzo hazina mtutu. Oili chafu imebeba tindikali, maji na unga wa vyuma kutoka kwenye injini. Mchwa wanaikimbia, kutu inaipenda.

Na mafuta ya alizeti? Singida tunayo mpaka ya kuogea. (Singida)

Yanafaa kulainisha kitambaa siku unayotumia bunduki. Kulaza nayo miezi, hapana. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanaganda kuwa utando unaonata. Tazama shingo ya dumu lako la jikoni, ule ukoko wa njano usiotoka na kucha. Ndio huo utaukuta mtutuni, na vumbi la upepo wa Agosti limejishikiza juu yake.

Kwa kulaza, nunua oili ya bunduki, au ya cherehani kama muda ni mfupi, na uirudie mara kwa mara. Kwa kulainisha kitambaa cha kufungia risasi, wazee walichanganya mafuta ya kondoo na nta ya nyuki, na sijaona cha kuwazidi. Sharti mafuta yawe hayajatiwa chumvi, na yakianza kuvunda tupa, maana mafuta yaliyovunda nayo yana tindikali yake.

Nimesafisha kama ulivyofundisha mwaka jana, nikalaza na oili. Ngedere walipoingia shambani na kibali changu ninacho, gobore likasema "tik" tu. Aibu! (Mvumi)

Pole. Umelinywesha oili halafu ukalipa baruti ilowane humo humo. Oili ya kulaza inateremka na kujikusanya chini, penye kinjia cha moto. Siku ya kutumia, pitisha vitambaa vikavu viwili mpaka chini, kisha fyatua fataki mbili kabla ya kushindilia chochote, mdomo ukielekea kwenye jani au vumbi mahali salama. Jani likitikisika, njia iko wazi.

Na siku likisema "tik", usilishushe wala usichungulie. Liache limeelekea salama dakika nzima kwa saa. Baruti yenye unyevu huchelewa kushika, kisha hushika.

Kwenye dari la marehemu babu tumekuta gobore lina maandishi TOWER na taji. Limeshika kutu kote, na ufito unagota kabla ya kufika chini. Leseni hatuoni. Tulisafishe kabla ya kuliuza? (Manyoni)

Msilisafishe, msiliuze, na mjukuu yeyote asilichezee nyundo. Ufito kugota kunaweza kuwa kiota cha nyigu, kunaweza pia kuwa baruti na risasi za babu. Baruti nyeusi haizeeki kama unga wa mahindi. Ikilowa na kukauka inaweza kuwaka tena. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mkusanyaji wa mabaki ya vita aliuawa na kombora la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1865. Alikuwa analisafisha nyumbani kwake.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haiulizi bunduki ni ya babu au ya dukani. Aende mtu mzima wa familia kituo cha polisi, mikono mitupu, aeleze kilichopatikana na kwamba huenda kimeshindiliwa. Wao watasema kinachukuliwaje. Usilipakie kwenye bodaboda ukalipeleka mwenyewe.

Hilo neno TOWER ni chapa ya Uingereza, ingawa iliigwa pia kwenye bunduki za biashara. Magobore ya namna hiyo yalipita Ugogo na misafara ya karne ya 19, wakati watemi wa Kigogo wakitoza hongo, yaani ushuru, wa maji na njia. Kama lenu ni la enzi hizo, hiyo kutu ya kahawia iliyotulia ni sehemu ya umri wake, na makumbusho wanaipenda kuliko mng'aro wa msasa. Waambieni polisi hilo pia.

Nilikuwa na nafasi ya swali moja la kuhifadhi, nalijibu kwa kifupi kwa aliyeuliza kutoka Chamwino gobore litunzwe wapi: mfuko wa nailoni unatoa jasho, ala ya ngozi inatunza unyevu, na moshi wa jikoni si mafuta. Kabati la kufungwa kwa kufuli, shuka kavu ya pamba, mdomo wa mtutu chini ili oili isiteremke kwenye mti. Kifuku chungulia kila wiki mbili.