Pesa za Seyyid Barghash Kutoka Ng'ambo

SWALI: Assalaam aleykum Mhariri. Ninakusanya sarafu za kale, na nimeagiza kwa muuzaji wa Ufaransa pesa mbili (sarafu ndogo) za shaba za Seyyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, pamoja na riale moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria. Muuzaji anashauri azitie katika barua ya kawaida na aandike juu yake "vifungo vya nguo, zawadi", ili nisisumbuliwe na forodha. Je, nikubali? Na mzigo ukifika, nijitayarishe vipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yetu. Usikubali, hata kama muuzaji huyo ana nia njema. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unakataza kutia sarafu katika barua isiyo na bima, isipokuwa pale sheria za nchi itokayo na nchi iendayo zinaporuhusu zitumwe kwa rejista ndani ya bahasha iliyofungwa. Kwa hiyo barua hiyo ya kawaida ikipotea njiani, hapatakuwa na namba ya kuifuatilia wala fidia ya kudai. Tena mashine za kukagulia mizigo huonyesha sarafu waziwazi, na afisa atakayeona duara za madini mahali palipoandikwa vifungo atakuwa na haki ya kuuzuia mzigo wote. Hapo utabaki kujieleza kwa uongo ambao hukuuandika wewe.

Mwombe atume kwa bima, na katika tamko la forodha, yaani fomu CN22, au CN23 thamani ikiwa kubwa, aandike ukweli mtupu: sarafu za kale za mkusanyaji, idadi yake, madini yake, mwaka na bei uliyolipa. Aongeze na namba ya ushuru 9705, ambayo ni ya vitu vya wakusanyaji, sarafu zikiwemo. Pesa ya shaba yenye picha ya mizani ina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na zimebaki nyingi, hivyo bei yake haitamshtua mtu. Riale ndiyo yenye mtego: sarafu ya Maria Theresa imepigwa tena na tena kwa miaka mingi, na daima huandikwa 1780. Muuzaji asiitaje kuwa ni ya mwaka huo ikiwa hana hakika, maana tamko lisilo kweli ni tamko lisilo kweli, hata likiwa limeandikwa kwa kujisifu.

Katika anwani aandike jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, sanduku lako la posta, Wete, Pemba, Zanzibar, na chini kabisa Tanzania, pamoja na namba ya simu. Wako wanaoacha neno la mwisho kwa kudhani Zanzibar inatosha. Mashine za ng'ambo hupanga mizigo kwa jina la nchi.

Mzigo ukifika, nenda na kitambulisho na risiti ya malipo, kwani forodha huhitaji thamani ili kukadiria kinachostahili kulipwa, na bei iliyothibitishwa kwa risiti hukuokoa na makadirio ya afisa asiyejua sarafu. Kabla ya kutia saini, tazama kama bahasha imechanika au imegandishwa upya. Ikiwa hivyo, omba ifunguliwe mbele ya karani na hali yake iandikwe. Riale halali ina uzito wa takriban gramu 28 na upana wa milimita 39.5, kwa hiyo mizani ndogo ya sonara itakufaa siku hiyo. Usizisugue kwa ndimu wala kwa majivu, kwa sababu mkusanyaji mwingine hatainunua shaba iliyong'arishwa.

Ikiwa hakijafika kitu, mwambie muuzaji apeleke ulizo kwenye posta ya kwao mapema: muda unaokubaliwa ni miezi sita, ukihesabiwa tangu siku inayofuata ile ya kutuma, na kwa mzigo uliopotea fidia kwa kawaida hulipwa yeye mtumaji, kwa hiyo mkubaliane mapema kwa maandishi jinsi atakavyokurudishia fedha zako.