Maswali yenu: tulipe peaje (pesa ya barabara) tupite pembeni?

Mwezi huu barua za ambuteyaje, yaani msongamano wa magari, zimejaa, na ya kwanza hapa nimeiacha na Kiswahili chake cha kwetu kama ilivyoandikwa, maana nikiisafisha itapoteza utamu.

Swali

Jambo yaya, habari ya kazi. Mi niko shofere wa taksi-bisi hapa Lubumbashi, saa kumi na moja ya asubui niko tayari mu barabara. Ile ya Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, unaijua, kamioni ya shaba mbele, kamioni ya shaba nyuma, weye katikati kama nyanya mu kikapo. Sasa mutoto wa ndugu yangu, anasomaka ku iniversite ya Kasapa, alinionyesha video mu telefone, kule Marekani batu banapita pembeni ya barabara, pale motokari inasimamaka kama imekufa, saa ya ambuteyaje tu, na banalipa. Nikamwambia ile njo siye tunafanyaka kila siku na ba-rulaje, polisi ya barabara, banatukamata, kumbe bengine banalipishwa! Ni kweli? Na siye tunaweza? Mi niko tayari kutosha hata falanga elfu mbili, paka nisilale mu njia. — *Shofere wa Kampemba*

Jibu

Ndugu shofere, hiyo ya nyanya nimecheka mpaka watu wa bilo wakaniuliza kuna nini.

Ni kweli, video haikukudanganya. Ile inayojulikana sana iko jimbo la Colorado, barabara kuu wanaiita I-70, inashuka kutoka milimani mpaka mji wa Denver. Wikendi watu wa Denver wanapanda kuteleza kwenye theluji, halafu Jumapili wote wanataka kurudi saa ileile, na bonde lenyewe ni jembamba, huku mlima huku mto, pa kupanua hakuna. Basi mwezi wa 12 mwaka 2015 wakafungua bega la barabara, yaani ile pembeni unayosema, upande wa kurudi mjini, kipande cha maili 13, kama kilomita 21 hivi, kati ya Empire na Idaho Springs, na mwaka 2021 wakafanya upande wa kupanda pia. Halifunguliwi kila siku. Ni siku za msongamano, hasa wikendi na sikukuu, na siku nyingine zote ubao wa juu unaonyesha alama nyekundu ya X, maana yake hapa ni pembeni kama zamani, ukipita ni faini. Na kamioni hairuhusiwi hata siku limefunguliwa, chombo chochote kikizidi futi 25, yaani mita saba na nusu na kidogo, kinabaki njia ya kawaida, kwa sababu hilo bega ni finyu.

Sasa bei. Hapo njo wengi wetu tunapotea, maana sisi tukisikia peaje tunaona kizuizi, mtu na risiti, pesa imeingia, haya pita. Kule bei kazi yake ya kwanza ni kupunguza watu. Umeshaona kadafi, muuza esansi wa pale kona, akikumiminia na ile chupa ya plastiki aliyokata kitako. Akimimina pole pole, bidoni ya lita tano inaisha sasa hivi. Siku ana haraka akaiinamisha yote, mdomo unaziba, esansi inarudi juu, inamwagikia kwenye sapatu zake na wewe njo unalipa ile iliyomwagika. Barabara ni vilevile. Njia moja ya barabara kuu ikienda vizuri inapitisha kama motokari 2000 kwa saa, ukiongeza juu ya hapo kidogo tu mmoja anakanyaga freni, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, wa kumi anasimama kabisa, na mwisho hiyo njia inapitisha pungufu ya 2000 wakati magari yamezidi. Kwa hiyo wanaangalia bega linavyojaa, likianza kujaa bei inapanda, wengine wanasema aa mi nabaki huku kwa bure, na pembeni panaendelea kukimbia.

Njo maana elfu mbili yako, ndugu, inanipa wasiwasi. Kama wewe uko tayari kutoa elfu mbili, na mwenye gari ya Ipsum nyuma yako naye yuko tayari, na yule wa jipu ya kampuni ambaye hata halipi mfukoni mwake, basi siku hiyo bei inapashwa kuwa elfu tano au elfu kumi, na ikibaki elfu mbili mtalala wote pembeni na risiti mkononi. Njia ya kulipia inayopita vizuri ni ile ambayo wengi wameikataa. Ni kitu kigumu kumwambia mtu mwenye abiria kumi na nane wanaopiga kelele, lakini njo hesabu yake.

Na kizuizi sahau. Ukiweka kizuizi pale bega linapoanzia umehamisha foleni tu, umeitoa huku umeipeleka kule. Colorado hakuna mtu wa kupokea pesa, gari linatambuliwa kwa kijisahani kilichobandikwa kwenye kioo au kamera inasoma plaki na bili inakuja nyumbani. Hata wale wajanja wa kuingia katikati kwa kuvuka mstari, maana wajanja hawako Lubumbashi peke yake, tangu 2023 kamera inawafuata na faini inaanzia dola 75. Sasa niambie, motokari ngapi unazozijua hapa zina plaki inayosomeka na mwenye jina lilelile la kwenye karatasi? Mimi nimenunua gari kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mtu, ile karte roze, karatasi ya gari, mpaka leo ina jina la marehemu.

Lakini kuna jambo hukuuliza, na kwangu njo kubwa kuliko bei. Hilo bega liliwekwa la nini?

Mwaka jana wakati wa mvua nilikuwa naenda Kasumbalesa kuchukua mzigo wa dada yangu. Njiani tukakuta kamioni imekufa, tairi mbili za trela zimetolewa, nusu yake pembeni nusu kwenye gudroni. Shofere na boyi wake walikuwa wamekata matawi ya miti wakayapanga barabarani kuanzia mbali, kama tunavyofanya wote, boyi ameweka mbabula kwenye kivuli cha trela anasonga bukari, wala hana haraka. Siku ya tatu narudi, nikakuta kamioni palepale, mbabula palepale, tofauti ni moja, matawi yamekauka yamekuwa rangi ya udongo, na usiku kitu cha rangi ya udongo juu ya barabara hukioni mpaka umeshakifikia. Sasa chukua hilo bega ulifanye njia ya kupita kwa kasi halafu uwe na kamioni moja tu ya namna hiyo. Siyo ambuteyaje tena, ni msiba.

Uingereza wamelipitia hili. Mwaka 2006 walianza kufungua bega la barabara ya M42, karibu na Birmingham, saa za msongamano, bila kulipisha, na msongamano ulipungua kweli, wakajenga vituo vidogo vya pembeni kila baada ya umbali fulani ili gari bovu lijitupe humo. Wakafurahi, wakaendelea mpaka barabara nyingine wakaondoa bega moja kwa moja, siku zote, na vituo wakaviweka mbalimbali zaidi. Matokeo watu wakaanza kukwama katikati ya njia inayokimbia na kugongwa kutoka nyuma. Wananchi wakapoteza imani, na mwaka 2023 serikali yao ikafuta mipango ya kujenga mpya za aina hiyo. Na hao ni watu wenye kamera kila mahali na gari la kuvuta magari mabovu linalokuja ukipiga simu. Sisi hapa depanaje ni kumpigia shemeji mwenye kamioni na mnyororo.

Kwa hiyo jibu langu kwako: kabla ya kunionyesha kamera na bei, nionyeshe gari la kuvuta linalokaa barabarani usiku na mchana, na kituo cha kujitupa kila mita mia kadhaa. Hivyo viwili vikiwepo nitarudi tuongee falanga. Na kuna cha tatu, udongo wenyewe: bega mara nyingi limejengwa jepesi kuliko njia, tabaka chache, halikutengenezwa kubeba uzito wa kila siku. Kamioni ya katodi, zile sahani za shaba, ikilipanda misimu miwili tu ya mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukingo unakatika kama mkate.

Swali

Yaya, mi naona munaongea juu ya pembeni kama vile hakuna batu. Mi nauzishaka mandazi na mayai ya kupika pembeni ya barabara tangu mutoto wangu wa kwanza, leo iko ku iniversite. Ile "bega" yenu njo meza yangu. Mutatupeleka wapi? — *Mama wa Katuba*

Jibu

Mama, aksanti, umenirudisha chini. Kwenye hizo barabara za Colorado na Uingereza hapauzwi mandazi, mtu wa miguu haruhusiwi hata kukanyaga, kwa hiyo pembeni ni patupu kweli na kulifungua bega hakumgusi mtu. Kwetu pembeni hapajawahi kuwa patupu. Pana wewe, pana watoto wa shule wenye shati nyeupe wanatembea mstari mmoja, pana baiskeli ya makala imebeba magunia manne, pana moto zinakuja kinyume. Motokari ikipita hapo kilomita 60 kwa saa hata ikiwa imelipa, nani atasema ililipa vizuri? Ndani ya mji mimi nasema hapana, sizunguki. Nje kabisa, mbali na nyumba, tunaweza kuzungumza. Na yule shofere wa Kampemba asome hapa, kwa sababu hao ba-rulaje anaowalalamikia, siku wanapomkamata pembeni, mara moja moja wana haki.

Swali

Mimi ni mwanafunzi, nilionyesha baba mdogo ile video. Tukubali kwamba kamera na mambo ya plaki hatuna. Hakuna namna ya bei rahisi ya kutumia bega? Na pesa ikipatikana itaenda wapi? — *Mwanafunzi, Kasapa*

Jibu

Ipo, na mimi njo naipenda kuliko ile ya kulipisha. Minneapolis, Marekani vilevile, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wanaruhusu mabasi tu kupita kwenye bega magari yakisongamana, na leo wana zaidi ya kilomita 400 za mabega ya namna hiyo. Sheria yake fupi hata kondakta anaikariri: basi linaingia pembeni pale tu magari mengine yameshuka chini ya maili 35 kwa saa, lisizidi yale magari kwa zaidi ya maili 15, na lenyewe lisivuke 35, yaani kama kilomita 56. Likikuta gari bovu linarudi njiani, linapita, linaingia tena. Shofere ni watu wachache wanaojulikana, wamefundishwa. Mwaka 2009 hukohuko, kwenye barabara ya I-35W, waliweka na bega la kulipia, la upande wa ndani, mabasi na magari yenye watu wawili au zaidi yalikuwa yanapita bure, aliye peke yake njo alikuwa analipa. Ona walivyopanga, kwanza basi, peaje ikaja baadaye sana. Taksi-bisi ya baba yako mdogo ina watu kumi na nane, jipu ya kampuni ina mmoja na kiyoyozi.

Ya pesa: tuna FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa na sheria ya 2008, unakula kwenye esansi tunayonunua na kwenye peaje. Kwa hiyo bega la kulipia lingekuwa mara ya pili unalipa barabara ileile. Mtu akileta mpango huo, mwombe akuandikie kwenye karatasi kwamba falanga ya bega inabaki kwenye bega, inanunua lile gari la kuvuta.

Swali fupi

Motokari yangu imetoka Japani kupitia Zambia, volanti iko kuume. Mbona mi naona pembeni vizuri kuliko katikati? — *Wa mtaa wa Golf*

Jibu

Kwa sababu umekaa juu yake, ndugu. Sisi tunaendesha upande wa kuume, na volanti ya kuume inakuweka ukingoni: kupita kamioni kwa kushoto huoni kinachokuja, bega unaliona lote, na nadhani nusu ya wanaopita pembeni hapa mjini ni kwa ajili hiyo. Panda na mtu kiti cha kushoto akuangalilie, na kama uko peke yako baki nyuma ya kamioni.