ECG kwanza, Holter baadaye

Daktari, umeuliza kama kliniki yako ndogo inunue mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo, au kifaa cha Holter cha kuvaliwa, kinachorekodi umeme huo kwa muda mrefu, maana bajeti inatosha kimoja tu. Anza na ECG, ile inayosoma moyo kwa pembe 12 kupitia elektrodi 10, yaani vipande vya kunasa umeme vinavyowekwa mwilini. Mgonjwa akija na maumivu ya kifua, hiyo ndiyo itakayokusaidia palepale. Holter hurekodi saa 24 hadi 48, inafaa kwa mapigo yanayokwenda kombo mara mojamoja. Wagonjwa wa aina hiyo wape rufaa kwa sasa.

Kabla hujalipa, uliza bei ya vitu vinavyokwisha: karatasi, elektrodi, nyaya. Hapo ndipo wengi huumia. Maandishi ya karatasi inayochapwa kwa joto hufifia, kwa hiyo chagua mashine inayohifadhi rekodi kidijitali. Betri nayo ni lazima, umeme usije ukakatika mgonjwa yuko kitandani.

Na tafadhali sana, usitegemee tafsiri inayochapwa na mashine peke yake. Hukosea, hasa nyaya za mikono zikipishana, ya kulia ikawekwa kushoto. Wafundishe wahudumu pia kukagua mwendo wa karatasi, ambao kwa kawaida ni milimita 25 kwa sekunde, kabla ya kuhesabu mapigo.