Mwoga wa farasi Lubumbashi: jinsi ya kumpata mwalimu anayekufaa

Mtu mwoga anayetafuta mwalimu wa kupanda farasi huuliza kwanza bei, kisha siku. Hayo yanaweza kungoja. Anza na haya mawili: utanipandisha farasi gani, na nikikuambia "hapana, leo siwezi," utafanya nini? Majibu yake yatakuonyesha kama huyu anawajua waoga au anajua tu kuwaandaa watu wa mashindano, hata kama ana cheti kizuri ukutani.

Lubumbashi walimu ni wachache. Kuna Cercle Hippique, klabu ya farasi, na nje ya hapo unamtegemea mtu mwenye farasi wake shambani. Kwa sababu ya uchache huo watu humkubali yeyote aliye karibu. Usimkubali kabla ya kumtazama kazini. Omba uje saa ya somo la mtu mwingine, simama nje ya uzio, nyamaza mpaka somo liishe. Anayepanda vizuri hatakufundisha kitu. Mtazame yule anayehangaika. Mwanafunzi akikaza magoti na kuvuta hatamu, mwalimu mzuri humsimamisha farasi, husogea karibu, hurekebisha jambo moja, kisha humwacha aendelee. Mwingine hupaza sauti: kisigino chini, mgongo wima, teremsha mikono, tazama mbele, yote kwa pumzi moja. Mwenye hofu hushika amri ya kwanza tu, zingine zinapita. Na kama amri zinatolewa kwa Kifaransa wakati wewe ukishtuka unafikiri kwa Kiswahili, mwombe mapema atumie Kiswahili. Akikuona msumbufu kwa ombi hilo, umeshapata jibu lako.

Hofu haibaki kichwani. Mtu akiogopa hujikunja mbele, magoti hubana, visigino hupanda, mikono huvuta, pumzi hukatika. Sasa farasi anapata maneno mawili yanayopingana: miguu inamwambia nenda, mikono inamwambia simama. Mtulivu atasimama ashangae. Mwenye damu moto atainua kichwa na kuanza kukimbia. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia wapandaji kwamba wakipita mahali fulani mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo yalipanda, ya mtu na ya farasi. Kwa hiyo mwalimu anayekuambia "usiogope" hajakusaidia. Anayekupa kazi ya kufanya na pumzi yako ndiye amekusaidia: hesabu kwato kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, kwa kuwa katika mwendo wa hatua kwato hugusa ardhi mara nne, moja moja. Huwezi kuhesabu kwa sauti huku umezuia pumzi.

Mwalimu makini atakuuliza pia unaogopa nini hasa, kwa sababu dawa si moja. Anayemwogopa mnyama mwenyewe aanzie chini: kumpiga brashi, kumwongoza kwa kamba, kujifunza kwamba farasi haoni vizuri mbele kabisa ya pua yake wala nyuma ya mkia, ndiyo maana tunamkaribia kutoka ubavuni, begani, huku tukizungumza. Anayeogopa kimo na kuyumba aanzie kwenye lonji, ile kamba ndefu ambayo mwalimu humzungushia farasi. Aliyewahi kuanguka aulizwe alianguka akiwa katika mwendo gani, maana hofu yake hurudi pale pale. Akianguka kwenye shoti, yaani farasi akiwa mbioni, anaweza kutembea kwa raha kabisa halafu akakakamaa mara farasi anapoharakisha kidogo. Mwalimu asiyeuliza chochote atawapa wote watatu somo lile lile.

Kuhusu farasi, usimuulize mwalimu peke yake. Muulize mtunza farasi, kwa heshima yake: "Papa, huyu jana alitoka nje? Nani alimpanda mara ya mwisho?" Yeye ndiye anayejua nani anauma wakati mkanda wa tumbo, ule unaoshika tandiko, unakazwa na nani amefungwa bandani siku tatu kwa sababu ya mvua. Farasi aliyefungwa hivyo hutoka na nguvu za ziada, na hata mpole anaweza kuruka ruka. Achiwe kwanza uwanjani akimbie mwenyewe, au azungushwe kwenye lonji bila mtu, ndipo upande. Kwa mwoga tafuta farasi mtu mzima, wa miaka 12 hadi 18 hivi, aliyezoea wanaoanza. Pima pia uzito: wengi hufuata kanuni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 basi ni kilo 90, tandiko ndani. Mwalimu asiyethubutu kukuuliza una kilo ngapi anamwonea mnyama, na mnyama mwenye maumivu ya mgongo si wa kumtuliza mtu.

Somo la kwanza liwe la lonji. Mtu akikuambia lonji ni ya watoto, tafuta mwingine. Ni kamba ya mita 7 au 8. Mwalimu anasimama katikati, farasi anazunguka, na hatamu si kazi yako bado. Angalia jinsi anavyoishika: kamba ya ziada inakunjwa mkononi kwa mikunjo, haizungushwi kwenye kiganja. Akiizungusha, siku farasi akishtuka ataburutwa yeye, na wewe utabaki juu bila mtu wa kukusimamishia.

Kabla hujapanda anakagua mkanda wa tumbo. Farasi wengi hujaza kifua wakati unakazwa, kisha hupumua na mkanda unalegea. Kwa hiyo unakazwa tena kabla ya kupanda, na mara ya tatu baada ya dakika tano au kumi za kutembea. Mkanda ukilegea tandiko huzunguka ubavuni, mara nyingi pale pale unapoweka uzito wote kwenye kikuku cha kushoto, kile chuma cha kukanyagia. Mwalimu mzuri hukushikia kikuku cha kulia ili tandiko lisivutike, na hukupa kigoda cha kupandia. Kikuku chenyewe kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 hivi: kikibana mguu hautoki, kikizidi mno mguu wote unapita ndani. Urefu wa kuanzia ni huu: gusa chuma cha tandiko kinachoshika mkanda wa kikuku kwa ncha za vidole, mkono ukiwa umenyooka, na kikuku kifike kwapani.

Farasi akiwa bado amesimama, mwalimu akufundishe kushuka kwa dharura: miguu yote miwili itoke kwenye vikuku kwanza, uiname mbele, utupe mguu wa kulia nyuma, utue magoti yakiwa yamelegea. Hili hufanywa mara kadhaa kabla ya mwendo wowote. Mwoga anayejua kushuka habani sana. Halafu farasi avae mkanda wa shingoni, wa ngozi au hata wa kamba laini, ili ukishtuka ushike huo badala ya kuning'inia kwenye hatamu na kumuumiza mdomo.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha, nusu kila upande, maana kuzunguka upande mmoja tu kunamchosha farasi na kukupindisha wewe. Mwendo wa matiti, zile mbio ndogo za farasi zinazoitwa troti, uje kwa vipande vidogo: hatua sita au nane, kisha kutembea tena. Na uje ukiwa umeuomba wewe. Anayekuchapia farasi kwa nyuma "ili hofu ikutoke" amemaliza kazi yake kwako. Shuka, mshukuru, nenda nyumbani.

Kofia ngumu isiwe ya moto, yaani ya pikipiki. Kaske ya moto ni nzito shingoni na inaziba masikio. Ya farasi inakuwa na kamba ya kidevu iliyoshikizwa kwenye kofia sehemu kadhaa. Ikishagonga chini mara moja haivaliwi tena, hata kama haina ufa unaoonekana. Kwa hiyo ya mitumba ambayo hujui historia yake ni ya kupamba ukuta. Viatu viwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Raba haifai.

Majira nayo yaingie kwenye mpango. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi, na baridi huwachangamsha farasi. Mwoga aombe saa nne badala ya saa moja. Ardhi yetu nyekundu inakauka ikawa ngumu kabisa, kuanguka kunauma zaidi, basi uwanja wenye mchanga ni bora kuliko njia ya shambani. Wakati wa mvua jihadhari na masomo ya magharibi: visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika hutoka giza likianza, na mwenye farasi anayejali huwarudisha bandani mapema.

Vyeti angalia, lakini vielewe. Galop 1 mpaka Galop 7 ni ngazi za mpandaji katika shirikisho la Ufaransa. Hata ya saba haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Diploma ya serikali ya Ufaransa ya kufundisha inaitwa BPJEPS, na vyeti vya kufundisha vya British Horse Society navyo vinajulikana nje ya Uingereza. Asiye na karatasi lakini anayekagua mkanda mara tatu bado ni afadhali kuliko mwenye karatasi anayekaa kivulini na simu.

Lipa somo kwa somo mpaka umemzoea. Ukinunua kumi kwa mkupuo, somo la tatu likiharibika utaendelea kwenda kwa sababu ya pesa, na hofu itaongezeka. Baada ya masomo matatu au manne ya lonji unapaswa kuweza kutembea bila kushika kitu na kufanya troti fupi huku unazungumza. Kama bado, mwambie abadilishe farasi kabla hujabadilisha mwalimu.