Fundi, mbona inavuma? Maswali yenu kuhusu pawa saplai kubwa na kimya

Wiki hii nimeweka pembeni maswali ya simu na printa. Yaliyobaki yote yanahusu pawa saplai, lile boksi la chuma linalochomekwa waya wa umeme nyuma ya kompyuta ya mezani, ambalo watu hulikumbuka likianza kuvuma au likishalipuka.

Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi hapa Arusha na sauti narekodi chumba hichohicho, kwa hiyo sitaki kelele. Nimepata kadi ya grafiki ya RTX 3080 iliyotumika, prosesa yangu ni Ryzen 9 5900X. Muuzaji anasema pawa saplai ya wati 650 inatosha. Ni kweli?

Marahaba. Itawaka, na huenda ikafanya kazi miezi kadhaa bila neno. Ila kimya hutakipata. Tupige hesabu. Kadi hiyo hula wati 320. Prosesa imeandikwa 105, lakini ikibanwa kwa kazi hufika 142. Mazabodi (bodi kuu), ramu, diski na feni tuzipe 60. Tumefika 520 hivi. Kwa pawa saplai ya 650 hiyo ni asilimia 80 ya uwezo wake, na hapo feni nyingi huacha kunong'ona. Mzigo huohuo kwenye ya 850 ni asilimia 61 tu, na feni inajizungukia taratibu. Kwa maneno mengine, kimya unakinunua kwa wati ambazo hutazitumia.

Kuna jambo la pili ambalo muuzaji hakukwambia. Kadi za kizazi hicho zina tabia ya kuruka: kwa sehemu ndogo ya sekunde inavuta zaidi ya wati 400, halafu inashuka. Wewe huoni kitu, lakini pawa saplai inaona, na ikihisi imezidiwa inajizima. Ndiyo zile kesi za kompyuta kuzima ghafla katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, fundi anabadilisha ramu, kesho inazima tena. NVIDIA wenyewe, wenye kadi hiyo, wanapendekeza 750. Mimi nasema 850. Ukipata ya ATX 3.0, kiwango cha kutengenezea pawa saplai kilichotoka mwaka 2022, ni vizuri zaidi, kwa sababu kiwango hicho kinaitaka pawa saplai kubwa ivumilie mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Ukiikosa, ya 850 nzuri ya kabla ya hapo haina ubaya. Kadi ikija na matundu mawili ya pini nane, kila tundu lipewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Usitumie waya mmoja wenye mikia miwili.

Fundi, Kariakoo nimeonyeshwa ya "wati 1000" kwa bei ambayo sehemu nyingine hununui hata ya 500. Niichukue?

Kabla hujatoa hela, igeuze usome kibandiko cha ubavuni. Yale maandishi makubwa yaache, tafuta mstari wa +12V. Prosesa na kadi ya grafiki zinakula kwenye mstari huo. Zidisha 12 kwa idadi ya ampea zilizoandikwa hapo, na jibu ndilo wati zako za kweli.

Ninayo moja hapa mezani, niliuziwa miaka iliyopita nikiwa bado mshamba wa mambo haya. Kwa nje "1000W" kwa wino mwekundu, herufi kama za bango la mpira. Kwenye jedwali dogo: +12V, 18A. Yaani wati 216. Sasa chukua 850 ya ukweli: mstari huo utasoma 70.8A, unapata 849.6. Kingine ni uzito. Hii yangu niliipima kwenye mizani ya unga haikufika kilo moja. Ilipokufa nikaichungulia kupitia matundu ya feni kwa tochi: kwenye bodi kuna nafasi zimechorwa kabisa za koili na kapasita za kuchuja umeme, lakini vipuri vyenyewe havijawekwa. Matundu matupu, kama mdomo wa bibi.

Tazama pia kama nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Pawa saplai za kisasa zilizo nzuri hazina, zinajirekebisha zenyewe. Ukikuta ipo na mtu ameiacha kwenye 115, ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja tu.

Ina stika ya 80 PLUS Gold. Si ndiyo kimya hiyo? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, ingawa nakuelewa, maana hata baadhi ya wauzaji wanadhani hivyo. Stika hiyo inapima ni umeme kiasi gani unapotea njiani, basi. Haina habari na feni. Kwa mzigo ule wa wati 520, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 inapoteza kama wati 58 kwa joto, na yenye asilimia 85 inapoteza 92. Fikiria balbu ya zamani ya wati 60 imewashwa ndani ya kile kiboksi, halafu fikiria moja na nusu. Joto likipungua, feni ina sababu chache za kupiga mbio. Huo ndio uhusiano pekee wa Gold na ukimya. Mtengenezaji akifunga feni ya ovyo, hata Platinum, iliyo juu ya Gold, itakupigia kelele.

Wanaopima kelele yenyewe ni Cybenetics, wako Cyprus. Alama yao inaitwa Lambda: A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 hadi 20, A ni 20 hadi 25. Kwa chumba cha kurekodi usishuke chini ya A. Kumbuka vilevile kwamba 80 PLUS wanapima kwenye nyuzi joto 23. Dar mwezi wa pili, saa nane mchana, bila AC, unazijua mwenyewe. Kwa hiyo soma wati zake zimethibitishwa kwenye joto gani. Iliyoandikwa nyuzi 50 ni ya kuaminika kuliko ya 40.

Nimenunua mpya, feni haizunguki kabisa. Nimeuziwa mbovu?

Pengine hapana. Nyingi siku hizi feni hulala mpaka mzigo au joto lipande. Fungua gemu zito au renda video kwa dakika kumi na tano, kisha sikiliza. Nyingine zina kitufe nyuma cha kuzima tabia hiyo. Mimi kwa mikoa ya pwani nakizima: feni inayozunguka polepole muda wote haisikiki, na haikushtui kwa kuamka ghafla kila baada ya dakika tatu.

Niaje mwalimu. Niko Nakuru. Nikiweka PSU (pawa saplai) ya wati 1000, tokeni si zitaisha mbio? Na stima ikipotea, UPS yangu ya 650, lile boksi la betri, inazima papo hapo nikiwa kwenye gemu. Shida ni nini?

Poa sana. La kwanza ni rahisi: simtanki la lita elfu moja halikulazimishi uoge mara mbili. Kompyuta inavuta inachohitaji tu, hata ukiifungia ya 1600. Ufanisi ndio unaogusa tokeni, tena kidogo. Tofauti ile ya wati 34 niliyomhesabia msomaji wa Mwanza, kwa saa sita kila siku, ni kama uniti sita kwa mwezi.

Hilo la UPS ni kubwa zaidi. Hiyo 650 ni VA (volti mara ampea), si wati. UPS nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390 pekee. Ukiwa kwenye gemu, kompyuta yako inadai zaidi ya hapo, nayo inasalimu amri. Na hata ukinunua kubwa, uliza umeme wake wa betri ni wa wimbi kamili la sine, laini kama la umeme wa ukutani, au la kuigiza. Za kuigiza, zikikutana na baadhi ya pawa saplai za kisasa, huzima ingawa wati zinatosha. Nimeona ofisi nzima ikinunua UPS kumi za aina hiyo.

Kimya ipo, feni hazisikiki, lakini kuna mlio mwembamba kama mbu nikifungua gemu.

Hizo ni koili zinatetemeka. Haziharibu kitu. Mara nyingi zinatoka kwenye kadi ya grafiki, wala si pawa saplai. Kwenye gemu weka kikomo cha fremu (picha kwa sekunde), tuseme 60 au 75, uone kama mbu ataondoka. Akibaki na anakukera, irudishe dukani mapema kwa risiti yako.

Nimebadilisha pawa saplai, naweza kuacha waya za ile ya zamani? Zimeshapangwa vizuri na zote ni za kuchomoa.

Usithubutu, mdogo wangu. Upande wa kompyuta waya zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hazilingani. Plagi inaingia vizuri kabisa, halafu volti 12 zinakwenda mahali pa 5. Niliunguza SSD (diski za kisasa) mbili kwa mpigo mmoja kwa uvivu huohuo wa kutotaka kupanga waya upya. Moja ilikuwa na picha za mteja.

Feni yake imeanza kukwaruza. Nifungue nitie mafuta ya cherehani? (Msomaji, Tanga)

Usifungue. Kapasita kubwa ya ndani huhifadhi umeme wa karibu volti 400, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Kama warantii ipo, irudishe. Kama haipo, mpe fundi anayejua kuitoa chaji. Vumbi unaweza kulipuliza kwa nje kwa blowa, ila ingiza kijiti cha meno kwenye matundu ushikilie panga za feni zisizunguke. Na kwa kuwa uko Tanga karibu na bahari, fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, maana vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu linaganda kama ugali wa jana.