Barua kwa mwanangu: kabla hujaingia kikaoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo. Pendekezo lako la kubadili namna ya kupokea malalamiko ya wateja lilikataliwa kikaoni ndani ya dakika tano, ingawa hesabu zake zilikuwa sahihi. Mwezi uliofuata mwenzako akalileta tena kwa jina lake, likapita. Sasa unataka kujua kama uingie kwenye siasa za ofisini au uzikwepe, ubaki na kazi yako. Acha nianze na kile kikao, maana ndicho kinacholeta mengine yote.

Kikao ni mahali pabaya mno pa kumshawishi mtu. Mkuu wa idara anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake hawezi kuuliza swali litakaloonyesha kwamba halijui. Hana muda wa kupima litamgharimu nini, na akikubali upesi ataonekana hakufikiri. Kukataa ndiyo salama yake. Akishakataa mbele za watu, kugeuka ni aibu, kwa hiyo hata ukimletea ushahidi mpya atautetea msimamo wake wa jana. Pendekezo lako halikuwa baya. Lilikuwa geni kwa kila aliyekaa pale.

Kwa hiyo kazi yenyewe hufanywa wiki mbili kabla ya kikao. Chukua karatasi yako binafsi, si kompyuta ya ofisi, uandike majina ya wote ambao jambo litawagusa. Mbele ya kila jina jibu maswali manne: anaamua au anashauri tu? Atapata nini? Atapoteza nini? Humsikiliza nani? Swali la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo linaloua mapendekezo. Mkuu wa huduma kwa wateja, kwa mfano, leo ndiye anayechagua malalamiko yapi yafike juu. Utaratibu wako unamnyang'anya uamuzi huo. Watu wa mifumo ya kompyuta wanaongezewa kazi bila kuongezewa mtu. Hakuna kati yao atakayeyatamka hayo kikaoni. Watasema "wakati haujafika" au "tulifanyie utafiti zaidi", nawe utarudi kuongeza takwimu ambazo hakuna aliyezihitaji.

Usiandike wenye vyeo peke yao. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, John French na Bertram Raven, walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya wenzake: cheo, uwezo wa kuzawadia, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na ile heshima inayowafanya watu watake kuwa upande wako. Baadaye Raven aliongeza cha sita, taarifa. Vitatu vya mwanzo hupewi mpaka upandishwe, lakini vitatu vya mwisho unaweza kuvijenga hapo ulipo, na wapo wanaovimiliki bila cheo chochote: katibu anayepanga ajenda ya mkurugenzi, au mfanyakazi mkongwe ambaye kila mtu humuuliza kabla ya kusaini. Wape nafasi kwenye karatasi yako.

Ukimaliza orodha, waone mmoja mmoja. Bosi wako awe wa kwanza, daima, kwa sababu akilisikia kwa mwingine atahesabu kwamba umemruka, na hilo husahaulika polepole sana. Kisha wanaoweza kuumia, kisha watakaofanya kazi yenyewe, na mwenye uamuzi wa mwisho umwone ukiwa tayari una majibu ya hofu za wengine. Omba dakika 15, usizizidishe. Usiulize "unaonaje?", kwani utaambiwa "ni zuri tu" na hutajua lolote. Uliza: "Ni kitu gani hapa kitakuletea taabu?" Halafu nyamaza, andika.

Baada ya hapo rekebisha rasimu kweli. Kila uliyemwona akute angalau jambo moja alilosema limeingia, na kama halikuingia mweleze sababu kabla ya kikao. Ukizunguka bila kubadili hata mstari, watu hutambua haraka kwamba ulikwenda kutafuta kura, na safari nyingine watakupa maneno matamu yasiyo na msaada. Andiko liwe ukurasa mmoja, sentensi ya kwanza iseme unaomba nini. Omba majaribio ya mwezi mmoja kwa timu moja, ukitaja ni matokeo gani yatakayoyasimamisha. Mtu huafiki kwa wepesi jambo linaloweza kurudishwa nyuma. Na kama siku moja kabla ya kikao wawili wazito bado wanapinga, omba jambo liondolewe kwenye ajenda. Kuahirisha hakuachi alama, ilhali kukataliwa kunaingia kwenye kumbukumbu.

Sasa mwenzako. Umeandika kwamba kabla ya kuliwasilisha alikaa na mkuu wa huduma kwa wateja mara mbili. Basi tuseme ukweli: wazo ni lako, lakini kazi ya kulipitisha aliifanya yeye. Hilo halimpi ruhusa ya kufuta jina lako. Mwone ana kwa ana, ninyi wawili tu, wiki hii hii, useme jambo linaloweza kuthibitishwa: "Sehemu ya pili na jedwali la gharama niliziandika mimi. Kwenye taarifa inayofuata naomba majina yetu yote mawili yawepo." Ukishasema hivyo mwache ajibu. Neno "umeniibia" lisitoke kinywani, maana atajitetea dhidi ya neno hilo na jedwali litasahaulika. Wala usimwandikie barua pepe yenye nakala kwa bosi. Nakala ya aina hiyo humlazimisha bosi kuamua ugomvi asiouomba, na mara nyingi huwaona nyote wawili kuwa ndio tatizo.

Akirudia, nenda kwa bosi na ombi la kazi badala ya mashtaka: uongoze hatua inayofuata kwa kuwa rasimu ya kwanza ni yako, na uwe nayo mkononi ikiwa na tarehe. Kuanzia sasa kila rasimu itume kwa zaidi ya mtu mmoja. Kila Ijumaa mpelekee bosi mistari minne: kilichokamilika, kinachofuata, kilichokwama, na nani anaweza kukikwamua. Humo humo wataje waliokusaidia, hata huyo mwenzako pale anapostahili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayetaja michango ya wengine huaminiwa anapotaja wake.

Majungu yakikufikia, uliza tu, "Umeshamwambia mwenyewe?" kisha rudi kwenye kazi. Hata kicheko chako kitasimuliwa kwamba uliafiki.

Unaogopa kwamba kufanya haya yote ni unafiki. Kipimo changu ni hiki: ulichomwambia huyu faraghani, ungeweza kukisema yule akiwa amekaa hapo? Kama ndiyo, unashawishi. Kama hapana, ni fitina, na ujue ofisini siri hukaa muda mfupi. Lakini ukiamriwa kughushi hesabu, ukitukanwa au ukisumbuliwa kimwili, usiyahesabu kuwa siasa wala usitafute busara ya kuyamaliza kimya kimya. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, kisha peleka malalamiko ya maandishi ofisi ya rasilimali watu na ubaki na nakala yako nyumbani.

Pendekezo limeshapita, kwa hiyo kuna mtu atakayehitajika kuliendesha, na wewe ndiye unayezijua hesabu zake kwa undani. Zungumza kwanza na mwenzako. Kisha, kabla majukumu hayajagawanywa, mwombe bosi akukabidhi majaribio ya timu ya kwanza, ukiwa na ukurasa mmoja wa ratiba mkononi. Niandikie mwenzako alivyokujibu.

Mama yako