Hela za Tuvalu hazitupwi baharini
Ndugu yangu unayesema kuwasaidia Tuvalu, ile nchi ya visiwa huko Pasifiki inayotishiwa na bahari kupanda, ni kutupa hela baharini, hapana aisee. Mimi niko Ujiji, Ziwa Tanganyika lilivyopanda 2020 nyumba ya shangazi maji yalifika dirishani, tukabeba magunia ya dagaa usiku kichwani, ila sisi tulipandisha huko juu Mwanga, hapa hapa Kigoma, sasa wao wapande wapi wakati sehemu ya juu kabisa ya nchi yao ni kama mita 5 tu. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wa kimataifa wa kusaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya hali ya hewa, uliwapa dola milioni 36, wakamwaga mchanga pale Funafuti wakapata hekta 7 hivi za ardhi mpya iliyoinuka, kitu kinaonekana kabisa. Kinachoniuma mimi ni visiwa vingine kupewa hela kama mkopo, walipe na riba kwa moshi unaopandisha bahari ambao hawakuutoa wao.